Kazi Iliyofukiwa

Mwaka wa kwanza walinivika kofia ya plastiki,
wakanipa sururu mpya yenye kibandiko cha bei.
Nikapiga mara moja, kamera zikamulika,
udongo wa Kaptembwo ukateleza, ukarudi shimoni
kama mtoto aliyetumwa nyumbani kuleta karo.

Walitaka taa. Mlingoti mrefu
wenye jina langu kiunoni,
ili hata mlevi akiuegemea
ajue anamwegemea nani.
Wengine walitaka lango la saruji pale stejini,
upinde ulioandikwa KARIBU,
ingawa mgeni angeruka maji meusi
hatua tatu tu baada ya kukaribishwa.

Mimi nikasema: bomba la majitaka.
Ukumbi ukanyamaza.
Fundi Barng'etuny akainua mkono:
"Na utepe, Mheshimiwa, tutaukatia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pua.
Nililelewa katika ploti ya milango kumi na minne
na choo kimoja chenye kufuli,
ufunguo ukikaa kwa Mama Kwamboka,
na Mama Kwamboka kila Ijumaa yuko kesha.
Hapo sitaongeza neno.

Afisi ya mipango ina ramani ukutani:
njano ni makazi, kijani ni bustani.
Nilipokwenda kuitafuta hiyo kijani
nilikuta banda la mandazi, msikiti wa mabati,
wapangaji themanini
na mbuzi anatafuna utepe mwekundu wa mpimaji.
Ndio utepe pekee uliokatwa katika kazi hii.

Chelule, mpimaji, alisema mita tatu.
Afisini mita tatu ni neno jepesi,
unalitamka huku unakoroga chai.
Mtaani ni jiko la mtu.
Ni kiti cha kinyozi na kioo chake,
ni nusu ya kitanda, upande anaolala mama.

Nilibisha mlango baada ya mlango.
Shitsama alinionyesha ukutani alama ya X,
rangi bado inachuruzika.
"Mwanangu ameniuliza," akasema,
"mwalimu gani amekosoa nyumba yetu."
Nikamwonyesha barua, fidia, mhuri.
Alihama Jumanne, godoro juu ya mkokoteni.
Sikumuuliza anakwenda wapi.
Hilo naliandika kwa mkono wangu.

Bomba likalazwa. Likafukiwa.
Mvua ikanyesha, watu wakapita juu yake
na viatu vikavu, wakidhani ni bahati.

Ikaja kampeni. Mwenzangu akapanda juu ya gari:
"Nionyesheni alichojenga huyu!"
Nami nimesimama juu ya kazi yangu kwa miguu miwili
na hakuna anayeiona.
Nikashika kipaza sauti: "Vuteni pumzi.
Mnasikia harufu gani?"
Wakavuta. Wakatazamana.
"Hatusikii kitu. Mandazi tu."
"Basi ndiyo hiyo," nikasema,
nao wakacheka, wakidhani nimeishiwa.

Nilishindwa kwa kura mia mbili na kumi na moja.
Lango limesimama sasa, herufi za buluu.
R imeshaanguka.

Jana saa nane usiku simu ikalia.
"Mheshimiwa, wameiba mfuniko wa shimo
karibu na shule. Asubuhi watoto watapita."
Ulimi ulitaka kusema: mpigieni mwenye lango.
Miguu ilikuwa tayari ndani ya gambuti.

Nikabingirisha tairi kuukuu hadi pale,
nikasimika tawi, nikafunga kitambaa,
mabaki ya bendera yangu ya kampeni.
Chini gizani nikayasikia maji yakienda,
ya walionipa na ya walioninyima,
yamechanganyika, hayaulizani.

Nikakaa juu ya tairi.
Alfajiri akapita muuza vyuma chakavu,
mkokoteni umefunikwa turubai.
Akanisalimu kwa heshima zote,
macho yake mbali na shimo.